Nyimbo za Mashoka Mbele ya Wazee wa Kanisa

Kwa miaka thelathini na moja nilisahihisha insha za Kiingereza, na katika muda huo nilisoma upuuzi wa kila aina. Nimesoma barua moja ya mapenzi iliyonakiliwa neno kwa neno na wasichana wanne wa dawati moja. Nimesoma habari za shujaa aliyeokoa kijiji kizima kutoka kwenye mafuriko, kisha akaamka kitandani kumbe ilikuwa ndoto. Lakini sikuwahi kusoma kitu kilichonitia kichefuchefu kama nyimbo za yule mwanamume aliyetaka kumwoa binti yangu, na nilizisoma zote, kalamu nyekundu mkononi, nikiwa nimestaafu na bila mtu wa kunilipa kwa mateso hayo.

Binti yangu ni mmoja tu. Anafanya kazi hospitalini mjini Meru, katika ofisi ya faili za wagonjwa, na huko Meru ndiko alikompata fundi wake wa kuchomelea, mtu wa Kinoru anayetengeneza mageti na grili za madirisha. Mimi sikumpenda tangu siku ya kwanza, na sitajifanya kwamba nilikuwa na sababu nzuri. Alikuja kwetu Kanja kujitambulisha akiwa na fulana nyeusi yenye picha ya mafuvu yakipiga makasia ndani ya mashua. Alikuwa na mikono iliyojaa alama za cheche. Mwalimu mwenzangu alikuwa na mwanawe katika ofisi moja mjini Embu, kijana wa tai na viatu vilivyong'arishwa, na mimi nilikuwa nimeshamwoza binti yangu kwake kichwani mwangu bila kumuuliza yeyote. Sisi Waembu tuna utani wetu wa zamani juu ya Wameru na hasira zao, nami niliutumia wote juma lile, mpaka mke wangu akanikumbusha kwamba katika nyumba hii mwenye hasira hakutoka Meru.

Kanisani kwetu, ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo, na Jumapili ya kwanza bwana harusi hutakiwa kuja kusimama mbele ili waumini wamwone uso. Fundi wetu alifika mapema. Kwa bahati mbaya yake, spika za kanisa zilikuwa zimekufa siku ileile, naye, badala ya kukaa kwenye benchi kama mgeni mwenye akili, akaomba bisibisi. Alizifungua, akaunganisha nyaya, akazijaribu kwa simu yake, zikanguruma vizuri kuliko tulivyowahi kuzisikia. Akina mama walimpigia makofi. Mwenyekiti wa wazee alitangaza kwamba Bwana ametuletea mkwe mwenye kipaji.

Kilichotokea baadaye kila mtu wa Kanja anaweza kukusimulia, na kila mtu ameongeza chumvi yake. Ukweli ni kwamba mchungaji alikuwa anaombea sadaka, macho yamefungwa, na simu ya fundi ilikuwa mfukoni mwake bado imeunganishwa na zile spika kwa bluetooth. Sijui aliikalia au aliigusa. Kanisa lilijaa mshindo kama lori linalomwaga kokoto, kisha sauti ya mwanamume anayeguna kana kwamba anatapika, na magitaa mengi yakikimbizana. Bibi mmoja wa kwaya alianza kukemea pepo papo hapo. Mchungaji alifungua macho, akaangalia dari. Fundi alihangaika na mfuko wa suruali, na alipofanikiwa kuizima, waimbaji wale walikuwa wameguna mistari minane.

Wazee wa kanisa tulikutana palepale baada ya ibada. Ndiyo, mimi pia ni mzee wa kanisa, na nawafahamu wenzangu. Mwenyekiti ni mtu ambaye hajawahi kumaliza kitabu chochote isipokuwa cha risiti. Katibu huandika kila kinachosemwa, hata kikohozi, lakini haelewi hata kimoja. Fundi alikuwa ametuambia ni nyimbo za Waviking, mabaharia wa vita wa kale kutoka Ulaya ya kaskazini, na mmoja aliuliza kama hawa Waviking ni watu wa upande wa Moyale au wa ng'ambo. Baada ya saa nzima ya hekima ya namna hiyo, wakaamua kwamba tangazo la pili lisisomwe mpaka ijulikane nyimbo hizo zinasema nini, na kama zinamtukana Mungu. Na kwa kuwa zilikuwa za Kiingereza, na kwa kuwa Kiingereza ndiyo kazi yangu, mimi nikateuliwa nizifasiri na kuleta ripoti baada ya juma moja.

Mtu mwenye haya angekataa. Angesema huyu ni mkwe wangu mtarajiwa, tafuteni mwingine. Nilikubali haraka hata mwenyekiti akashangaa. Harusi ya binti yangu ilikuwa imewekwa mkononi mwangu, nami nilijua vizuri nilichotaka kuifanyia.

Binti yangu ndiye aliyeniletea maneno ya nyimbo. Alikwenda saiba, akachapisha zote zilizokuwa kwenye simu ya mchumba wake, kila wimbo ukurasa wake, ukurasa wa kwanza hadi wa ishirini. Aliandika nambari kwa mkono chini ya kila karatasi, kama anavyofanya na faili za wagonjwa. Aliniambia hana wasiwasi. Alisema mimi ndiye niliyemfundisha kwamba shairi halihukumiwi kwa mstari mmoja, na kwamba hata wakisema nini wale wazee, mimi nitasoma kwa haki. Nilipokea zile karatasi nikamwambia aniache nifanye kazi.

Nilikaa barazani Jumamosi ile kuanzia chai ya saa nne. Jamani. Wimbo wa kwanza ulikuwa na mashua, dhoruba na shoka. Wa pili, dhoruba, mashua na shoka. Katika wa tatu kulikuwa na theluji kwanza, nikapata matumaini, lakini mashua ilifika kabla ya ubeti kwisha. Kila mwanamume humo ana ndevu, kila ndevu ina damu, na kila damu inamwagika kwa ajili ya mungu mwenye jicho moja ambaye hatuambiwi lile la pili lilikwenda wapi. Mtunzi akikosa kina anapiga kelele. Niliandika pembeni: sentensi haina kitenzi. Niliandika: umerudia. Ukurasa wa saba nikaandika sifuri kubwa na kuizungushia duara, nikajisikia kijana tena.

Nilitazama picha za waimbaji wenyewe kwenye simu pia, ili nisiwaonee. Ni wanaume wazima wenye vitambi, wamevaa ngozi za wanyama ndani ya studio yenye taa za umeme. Nathubutu kusema hakuna hata mmoja aliyewahi kuchinja kuku. Wangeletwa hapa Kanja asubuhi moja tu, washike mbuzi anayejua kinachomngoja, tuone kama wangeimba. Debe tupu haliachi kuvuma, na haya yalikuwa madebe ishirini yaliyofungwa magitaa.

Maadili yao ndiyo yaliyonikera zaidi kuliko lugha. Kwa mujibu wa nyimbo hizi, mwanamume akifa vitani anakaribishwa kwenye ukumbi wa miungu, anakula nyama na kunywa pombe milele, na kila asubuhi anaamka kupigana upya na wenzake kwa furaha. Anayekufa kitandani kwa uzee au maradhi anapelekwa mahali pa baridi na ukungu, asikumbukwe. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Mama yangu alikufa kitandani. Alikuwa ameugua miaka mitatu, na kabla ya hapo alikuwa amelima shamba la watu ili mimi nisome. Nilihisi hasira ya kweli, si ya kusahihisha. Mpumbavu mmoja mwenye gitaa anakaa mahali fulani penye joto na kumwambia mama yangu kwamba alikufa kifo cha aibu.

Sitaki mtu adhani sikujua la kusema upande wa pili. Nilijua. Kwa miaka mingi nilisimama mbele ya kidato cha tatu nikafundisha nyimbo za vita za babu zetu, wale waliovuka mito kwenda kuchukua ng'ombe wa watu, nikawaambia wanafunzi waandike: wimbo huu unahimiza ujasiri na umoja. Nilitoa alama kwa jibu hilo. Niliwafundisha pia kwamba anayenena ndani ya shairi si lazima awe yule aliyelitunga, sembuse yule anayelisikiliza. Ng'ombe wa jirani wakichukuliwa na babu yangu ni fasihi; kondoo wa mtawa wakichukuliwa na mtu mwenye ndevu ni ushetani. Nyani haoni kundule, nami niliketi juu ya langu nikiendelea kusahihisha.

Kisha nikafika ukurasa wa kumi na nne.

Huu haukuwa na mungu wala ukumbi. Mtu mmoja amekuja na wenzake kwa mashua, wamechoma kijiji, wenzake wanabeba mali. Yeye anatembea kwenye majivu, anaona kiatu cha mtoto. Kimoja. Anakiangalia. Hakuna maelezo ya machozi, hakuna mlio, mtunzi amejizuia kwa mara ya kwanza katika kurasa kumi na nne. Yule mtu anarudi ufukweni, anatupa shoka majini, na wenzake wanamcheka. Anakwenda nyumbani kulima shayiri. Anajua milango ya ukumbi wa miungu imefungwa kwake, naye analima. Mstari wa mwisho unasema tu kwamba mwaka ule mvua ilikuja kwa wakati.

Niliusoma mara mbili. Ulikuwa wimbo mzuri. Ulizikana nyimbo nyingine zote zilizokuwa kwenye simu ile. Mzee yeyote wa kanisa, hata mwenyekiti wetu, angeusikia na kusema hapa kuna mahubiri. Ningeusoma mbele yao, tangazo la pili lingesomwa Jumapili inayofuata, na fundi wa mageti angekuwa mkwe wangu kufikia Agosti.

Nilitoa karatasi ile kutoka kwenye rundo, nikaiweka kwenye droo ya kabati chini ya vyeti vyangu. Nilijiambia ni ndefu, itawachosha wazee. Ilikuwa na mistari ishirini.

Kikao kilikuwa Jumapili baada ya ibada, katika chumba cha wazee. Binti yangu na fundi wake waliambiwa wakae nyuma karibu na mlango, na kwa desturi yetu hawasemi mpaka waulizwe. Fundi safari hii alikuwa amevaa shati jeupe. Alikuwa amenyoa. Nilimdharau zaidi kwa kunyoa.

Nilisoma ripoti yangu kwa Kiswahili kwa heshima ya mgeni, ingawa sote wengine tungeelewana vizuri zaidi kwa Kiembu. Mwanzoni ilikwama. Nilipoeleza habari za ule ukumbi na pombe yao, nilisema ni pombe ya asali, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyo, na sikufikiria ninawaambia nani. Mzee mkongwe kuliko sote, ambaye kwa kawaida husinzia kuanzia dua ya kufungua, aliinua kichwa. Aliuliza kama wanaipika wenyewe. Nikasema ndiyo. Akauliza kama wanaokunywa ni wanaume wazima tu. Nikasema inaonekana hivyo. Basi yule mzee akatabasamu, akasema hao ni watu wenye adabu, kwani baba yake mwenyewe hakukubali kuongea habari za mahari kabla ya pombe ya asali kuletwa, na kwamba hata leo Wameru wakija kuposa huleta asali, ila sisi tuliookoka tunaipaka kwenye mkate. Wazee wakacheka. Wawili wakaanza kubishana ni nani kati ya babu zao alikuwa na mizinga mingi.

Niliona kazi yangu ya siku nzima ikiyeyuka. Nikaruka hadi ukurasa wa kumi na moja, ambapo wanachoma nyumba ya watawa, nikausoma kwa sauti ile ya imla, neno moja baada ya jingine, na nilipofika kwenye msalaba unaotupwa motoni niliinua macho niwatazame. Hakuna aliyecheka tena. Katibu alikuwa anaandika mbio.

Mwenyekiti akamwita fundi mbele, akamuuliza kama anakubaliana na maneno hayo.

Fundi alisimama, mikono nyuma. Alisema hawezi kudanganya wazee, maneno mengi hayajui, yeye husikiliza magitaa akiwa kazini kwa sababu mashine ya kukata chuma ina kelele na muziki wa taratibu hausikiki. Hata Kiingereza chenyewe kimemlemea. Nilikuwa nimepoteza siku nzima barazani kufasiri nyimbo ambazo mwenyewe hakuwahi kuzielewa. Katika kaunti zote mbili, Embu na Meru, mtu pekee aliyejua wale watu wenye ndevu wanasema nini alikuwa mimi.

Kisha akaongeza.

"Kuna moja tu najua, sababu huyu alinielezea," akasema, akimwonyesha binti yangu. "Jamaa anatoka vita, anaona kiatu ya mtoto kwa jivu. Anatupa shoka, anaenda kulima. Hiyo ndio huwa narudia. Mwalimu, hiyo hujawasomea?"

Hakuuliza kwa ujanja. Aliuliza kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu alichosahau mezani. Wazee wote wakanigeukia. Karatasi zilikuwa mkononi mwangu, kumi na tisa, na mtu yeyote angenyoosha mkono angeona nambari zikiruka kutoka kumi na tatu hadi kumi na tano.

"Hiyo haikuwa kwa karatasi nilizoletewa," nikasema.

Katibu, ambaye hupenda mambo yawe wazi, aliinua macho akamuuliza binti yangu kama ndiye aliyezichapisha karatasi. Akasema ndiye. Akamuuliza kama alichapisha nyimbo zote.

Binti yangu aliniangalia. Nimewaangalia wanafunzi wengi wakiwa wamekamatwa na majibu kwenye soksi, lakini sikuwa nimewahi kukaa upande ule wa macho. Nilingoja aseme. Naapa kuna sehemu yangu iliyotaka aseme.

"Labda moja niliiacha," akasema.

Katibu akaandika. Kwa mwenyekiti, "labda" haikuwa ushahidi; akamgeukia fundi na kumwambia kwamba kutunga hadithi mbele ya wazee ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza. Wakaamua akae miezi mitatu chini ya mafundisho, tangazo lisimame, na nyimbo zifutwe kwenye simu mbele ya mchungaji. Hakuna aliyefikiria kumuuliza binti tena. Fundi alisikiliza, akamtazama binti yangu, akaelewa kitu, nami nikaona kwamba ameelewa. Hakunitaja. Akasema, "Asanteni wazee," akatoka. Huyo ndiye mtu wa hasira niliyekuwa nikimsimulia nyumbani juma zima.

Mke wangu, ambaye alikuwa ameshasikia uamuzi nje ya chumba, alinipongeza njiani, kwa sauti ambayo hakuna mwanamume angeiita pongezi. Binti yangu alikuwa anatungoja getini. Nyumbani kwetu tunaongea Kiembu; Kiswahili ni cha sokoni na cha wageni. Aliniongelesha kwa Kiswahili.

"Baba, nimekufichia uongo mara moja," akasema. "Usiniombe tena."

Sikumwomba. Sikumwomba hata msamaha, na hilo ndilo jambo ninalolidharau zaidi katika habari hii yote, zaidi ya mashua, zaidi ya ndevu, zaidi ya wenzangu na daftari lao. Ningeweza kurudi kwa mchungaji jioni ileile. Ningeweza kwenda Jumapili iliyofuata, na ile nyingine. Kila mara nilifikiria uso wa mwenyekiti akisikia kwamba mwalimu amesema uongo, nikaona afadhali nikae. Nilikuwa nimewacheka watu waliokufa kwa ajili ya kusifiwa na wenzao kwenye ukumbi, nami sikuweza kupoteza kiti changu katika chumba chenye benchi sita.

Binti yangu na fundi hawakungoja miezi mitatu. Walitangaziwa ndoa katika kanisa lingine mjini Meru, Jumapili tatu bila tatizo, na siku ya harusi nikaenda, kwa sababu kadi ililetwa, jina langu limeandikwa vizuri kwa mwandiko wa binti yangu. Mjomba wake ndiye aliyemsindikiza hadi mbele. Sikuuliza kwa nini, wala hakuna aliyenieleza. Nilikaa safu ya pili nikapiga makofi walipopiga wengine.

Baadaye kulikuwa na mstari wa kuwapongeza maharusi. Nilipanga foleni nyuma ya mama mmoja wa Kinoru nisiyemjua. Fundi alinishika mkono kwa mikono yote miwili, akaniita baba. Kisha nikafika kwa binti yangu. Akainama kidogo, akanipa mkono, akaniuliza kwa Kiswahili kama nilisafiri salama na kama nimeshapata chakula. Akatabasamu kwa adabu zote, kisha akamgeukia aliyekuwa nyuma yangu.